Chura wa Lambo la Itiryo

Robanda, Jumapili alasiri, juma la kwanza tangu mvua za vuli zikatike. Huu ni mwaka wa thelathini na tatu tangu niondoke Itiryo.

Mwanangu Boke,

Mama yako yuko chumbani kwako anafunga mizigo, na kila baada ya muda anapaza sauti kukuagiza jambo, ingawa anajua umekwenda kuaga kanisani na humsikii. Blanketi zito lisisahaulike, maana Tarime kuna baridi. Usimkopeshe mtu sufuria. Ukifika tu, piga simu, usisubiri kupanga vitu. Mambo hayo namwachia yeye. Hata habari za samaki wako, huyu Sajenti wa sasa, na wale vyura wake wawili wadogo, utakaosafiri nao kesho ndani ya ndoo yenye mfuniko uliotobolewa, sitakuandikia. Maji yao unayajua kuliko mimi.

Naandika kwa sababu ya swali lako la Jumatano. Ulikuwa unasugua kioo cha tangi kubwa, mkono umezama hadi kwenye kiwiko, ukasema bila kugeuka: "Tata, twende wote. Nyumba niliyopewa ina vyumba vitatu, peke yangu nitavifanyia nini? Mama atakuja na kurudi anavyotaka. Na Mgeni tumchukue, tukamrudishe lamboni kwao."

Nikasema nitafikiri. Mama yako akacheka kule jikoni. "Baba yako akisema atafikiri, ujue anatafuta karatasi."

Karatasi nimeipata. Umetuweka mimi na chura katika ombi moja, na tangu Jumatano nimejaribu kututenganisha nimeshindwa. Kwa hiyo nitakujibu habari zetu wote wawili kwa pamoja.

Unaniita Tata, kwa Kikurya, na ni karibu neno pekee la Kikurya ulilolishika, wewe uliyekulia katika Kiikoma cha mama yako na Kiswahili cha shule. Kesho unakwenda kuwa afisa mifugo katika kata ambako hata watoto watakusalimia kwa lugha hiyo, watasikia jina lako, watasikia jina langu, nao watajua wewe ni nani kabla hujafungua begi. Wanayoyajua wao nataka uyajue vizuri zaidi.

Nilivyoondoka hukufichwa. Ng'ombe waliibwa, wakafuatwa, watu wakauawa upande huu na upande ule, na koo mbili zilizokuwa zikinywesha mifugo katika lambo moja zikawa zinatazamana kwa mishale. Nyumba yangu ilichomwa pamoja na ghala. Nilikuwa mwalimu kijana, sijaoa, na siku hiyo nilikuwa shuleni. Niliuona moshi nikiwa ubaoni nafundisha. Niliomba uhamisho, nikaletwa huku Robanda, mahali nisipomjua mtu. Mzee wa kwanza kunikaribisha aliniuliza, "Mkurya, umekuja na ng'ombe wangapi?" Nikamwambia sina. Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Sasa umekuja kufanya nini?"

Nilifundisha. Nilimwoa mama yako. Ulizaliwa wewe. Na ulipoanza darasa la kwanza, yule bwana aliyekuwa akisimamia kambi ya watalii kule njia ya hifadhi akahamishwa na familia yake, wakabaki na kitu ambacho hakikuingia kwenye gari: tangi la kioo, ndani yake samaki mmoja wa kiume wa pambo, aina waiitayo beta, na vyura wanne wasiozidi kidole gumba. Walizungusha habari kambi nzima. Mpishi wao alisema samaki asiyeliwa hana kazi naye. Mimi, niliyekuwa nikiwasaidia watoto wao hesabu wakati wa likizo, nikasema nitamchukua.

Mama yako alisimama mlangoni akitazama tukiliteremsha. "Watu wanakesha na madebe wafukuze tembo mtamani," alisema, "mwenzetu kaletewa samaki wa kidole. Haya. Tembo wakija, huyu atatutetea."

Ndiyo maana ulimwita Sajenti. Na kweli alistahili cheo. Bluu iliyoiva, mapezi mekundu marefu yakielea nyuma yake kama khanga iliyotumbukia mtoni. Ukimwekea kioo cha kujitazamia alitunisha mashavu, akasimamisha kila pezi, akajitangazia vita mwenyewe. Ulinijia mbio siku uliyomwona anapanda juu kuvuta hewa. "Tata, samaki anazama!" Nilikuwa nimeshasoma, nikakueleza kwamba samaki wa aina hii amepewa njia mbili za kupumua, kwa kuwa asili yake ni maji yaliyotulia na mazito kama yale ya mashamba ya mpunga, na huja juu kuvuta hewa kama sisi. Hukuridhika. Ulikaa pale mpaka ukamwona akishuka na kupanda mara nyingi za kutosha kuniamini.

Vyura wale wadogo ulikuwa ukiwahurumia zaidi. Hawaoni vizuri. Chakula kikishuka huanza kunusa huku na huku kama kikongwe anayetafuta miwani, na wakikaribia kukipata, Sajenti ameshakila. Ulijifunza kumvuta Sajenti upande mmoja kwa viluwiluwi vya mbu, halafu ukawawekea wao chakula chao upande wa pili, ukikilinda kwa kijiti. Hakuna aliyekufundisha. Nilikutazama nikiwa nasahihisha madaftari nikasema moyoni, huyu atachunga.

Makosa yangu yalianza na mfuniko. Niliona vyura wanapanda juu kuvuta hewa, nikafikiri ule mfuniko wa wavu unawabana, nikauinua kidogo kwa kipande cha kijiti. Nilidhani nawatendea wema. Asubuhi watatu hawakuwemo. Tuliwapata chini ya kabati, wamekauka kama maganda ya maharage. Wanyama wale hawaijui nchi kavu hata kidogo. Maji ndiyo ngozi yao ya pili, nami nilikuwa nimewafungulia mlango wa kwenda kufa. Nimefikiri sana juu ya mlango ule miaka iliyofuata. Si kila aliyefungiwa ni mfungwa, na si kila anayekufungulia anajua kilichoko nje. Sikujua hilo nikiwa na vitabu vyote nilivyokuwa navyo.

Akabaki chura mmoja. Taa ikizimwa alikuwa anavuma, sauti nyembamba kama nyuki ndani ya kibuyu, akiita mwenzake ambaye hayuko. Ulikuwa ukiuliza kila siku, "Ameitikiwa?" Ndipo nikamkumbuka Mwita.

Mwita nilichunga naye. Boma lao lilikuwa ng'ambo ya bonde, naye wa ule ukoo wa pili, lakini utotoni kwetu jambo hilo lilikuwa kama kutumia mkono wa kushoto: linajulikana, halimzuii mtu kula. Tulinywesha ng'ombe wetu katika lambo lile lile, tukaogelea humo huku ng'ombe wanakunywa, tukakamata vyura walioishi ndani ya maji bila kutoka, wembamba, watelezi, macho juu ya kichwa. Kisha yakaja yale yaliyokuja. Miaka mingi baadaye nilimkuta mnadani Mugumu, amekuwa mchuuzi wa ng'ombe, tumbo limemtangulia. Tulitazamana kama watu waliokanyagana gizani. Akaanza yeye, kwa neno letu la vijana wa kuchunga. "Mura, bado unaishi!" Nami nikasema, "Na wewe umenenepa kwa mali ya nani?" Tukanywa chai. Sikumuuliza siku ile ya moshi alikuwa wapi. Hakuniambia. Tukaendelea hivyo, kila alipoleta ng'ombe, chai, watoto wangapi, mvua ikoje.

Basi nikamwambia: niletee vyura wa kwetu, wale wadogo wa lamboni. Nilikuwa nimewaangalia hawa wa kambini nikaapa ni wale wale. Umbo lile, utelezi ule, kukaa majini kule kule. Na nikuambie ukweli, Boke, furaha yangu haikuwa ya yule chura mpweke peke yake. Nilifurahi kwamba kitu cha nyumbani kingeweza kuingia katika kioo, kikae sebuleni kwangu, nami nikitazame bila kuchomwa mshale.

Mwita alileta watatu ndani ya dumu la mafuta ya kula lililooshwa vizuri. Alilibeba mapajani tangu Tarime, akilifungua njiani wapate hewa, na abiria wakamcheka. "Wanauliza nauza dawa gani," aliniambia. Uliruka ruka uwanjani. Nikawamimina kwa Sajenti siku ile ile.

Wawili walikufa. Wa tatu alikua. Kwanza tukafurahi anavyokua. Akawa na ukubwa wa kiberiti, akaendelea. Na Jumamosi moja ulipiga yowe ambalo mama yako alilisikia akiwa kisimani. Nilipofika, nusu ya Sajenti ilikuwa nje ya kinywa cha chura, mapezi mekundu yanapepea, na chura anamsukuma ndani kwa mikono yote miwili, taratibu, kama mtu anayejaza gunia. Hakuwa na hasira yoyote. Ndilo lililoniudhi zaidi.

Hapa sasa ndipo nilipokosea kosa ambalo Mwikoma yeyote angelicheka, na Mkurya yeyote angelielewa. Nilikwenda mnadani, nikakaa na watu wa kwetu waliohamia Mugumu, nikawasimulia. Mmoja akatikisa kichwa. "Ulitegemea nini, Mwalimu? Wale wakikupa maziwa, mwonjeshe paka kwanza." Mwingine akasema, "Huo ni ujumbe. Amekwambia: hata huko uliko tunaweza kuingia nyumbani kwako." Wakaona haya yameeleweka, wakahamia mazungumzo mengine. Nami, mwalimu wa sayansi, mtu wa vitabu, nikaamini kwamba chura alitumwa.

Mwita alipokuja mnada uliofuata aliniinulia mkono. Nilimpita kama nguzo ya simu. Alisimama na mkono juu. Nilifanya hivyo mnada baada ya mnada, mpaka akaacha kuinua.

Mama yako alitaka chura atupwe. Nilikuwa nimeshachukua ndoo. Wewe ndiye uliyekuwa umepoteza samaki, macho yamevimba kwa kulia, ukasimama mbele ya tangi. "Alikuwa na njaa," ulisema. "Na sisi tulimpa." Nikaweka ndoo chini. Ulimpa jina la Mgeni, ukasema mgeni akivunja kikombe hafukuzwi.

Nilimtazama huyo Mgeni miezi mingi kwa chuki, na mtu akitazama kitu kwa chuki kwa muda mrefu, mwishowe anakiona. Nilichukua lenzi ya shule nikaisogeza kwenye kioo, na yule mdogo wa kambini alikuwa katika chupa pembeni. Nikatazama mikono. Yule mdogo ana utando kati ya vidole vya miguu yote minne, kama bata. Mgeni vidole vyake vya mbele vimeachana, vyembamba, huru, kama vya mpiga zeze. Ni jamaa, lakini si ndugu. Mmoja hukomea kwenye kidole gumba, na mwingine hufikia kiganja, hula chochote kinachoingia kinywani, na ndivyo alivyokuwa tangu Itiryo haijaitwa Itiryo. Nilikuwa nimewatia mikononi mwangu mamia ya aina yake nikiwa mtoto. Niliwasahau kwa sababu nilitaka wawe wadogo.

Nilimfuata Mwita mnadani. Alikuwa anapaka alama za rangi kwenye mapaja ya madume yake. Sikuwa na utangulizi. Nikamweleza vyote: samaki, paka, ujumbe, vidole.

Alinisikiliza hadi mwisho, brashi mkononi. "Mura," akasema, "uliniambia niletee vyura wa kwetu. Nikakuletea vyura wa kwetu. Ulitaka niwaulize kwanza kama wameshiba?"

"Ungeniambia wanakula samaki."

"Kuna kitu gani Itiryo kisichokula?" Akaanza kucheka, tumbo likamcheza, halafu akashusha brashi. "Chacha, nilibeba lile dumu mapajani. Watu wananicheka gari zima. Nilidhani unajua kwa nini nalibeba."

Nilijua wakati huo. Sikuwa nimejua kabla. Ilikuwa njia yake ya kusema lile ambalo hatukuwahi kuulizana, naye alilisema kwa vyura kwa kuwa mimi ndiye niliyeomba vyura. Nami nilikuwa nimemwachia mkono hewani.

Unamkumbuka alipokuja nyumbani sikukuu ile na kumtazama Mgeni, akasema huyu amekula vizuri kuliko wanawe. Ulimwamkia shikamoo, akakuuliza samaki wako aliitwa nani, akaomba radhi kwa Sajenti kwa jina lake na cheo chake. Hiyo ndiyo siku ulipoanza kusema utasomea mifugo, ingawa mama yako anadai ilikuwa baadaye.

Kosa jingine nitakalokusimulia ni dogo, lakini ndilo lililonifunza zaidi. Baada ya hapo dereva wa kambi alituletea beta wawili kutoka Mwanza, madume, kila mmoja katika chupa yake. Nilijua hawakai pamoja. Nikawaweka katika matangi mawili yaliyogusana, kioo kwa kioo, nikisema angalau wasiwe wapweke. Walikesha wametunishiana mashavu. Walikuwa salama kabisa, hakuna aliyeweza kumgusa mwenzake, na walikuwa wanakufa. Mmoja aliacha kula. Mapezi ya mwingine yakaanza kuchanika yenyewe. Nilichukua jalada gumu la kitabu cha zamani nikalisimamisha katikati. Jioni hiyo hiyo wote wawili walikula. Baada ya siku chache yule mgonjwa akaanza kujenga kiota chake cha povu juu ya maji, kazi ambayo beta haifanyi ila akiwa ametulia. Jalada lile lilikaa pale mpaka wote wawili walipozeeka. Lilipinda kwa unyevu, likaota ukungu. Halikuwa kitu cha kutazama. Kazi yake ilikuwa kusimama pale tu.

Sasa nije kwenye ombi lako.

Jumanne, kabla hujaniuliza, Ryoba alipiga simu. Ni mtoto wa kaka yangu Marwa, utamwona kesho, yeye ndiye atakayekupokea stendi Tarime. Kijana mwema, mcheshi, ana mkono wa kutoa. Alikuwa amesikia umepangiwa Itiryo na alifurahi mpaka simu ikawa inapiga kelele. "Baba mdogo, mwambie Boke aje na wewe! Ukitia tu mguu hapa, tunafunga ile njia, tunakujengea boma pale pale pa babu. Nguzo tunazo. Hao wakatafute pao pa kupita."

"Hao akina nani?" nikamuuliza.

Akacheka. "Si unawajua, baba mdogo."

Siku nyumba yangu inachomwa, Ryoba alikuwa hajazaliwa.

Hiyo njia utaiona kabla ya kuona nyumba ya kaka yangu. Ni ukanda mwekundu, umekanyagwa hadi kuwa mgumu kama sakafu, unashuka kutoka barabarani hadi lamboni. Ni shamba langu. Baba yangu alinikatia mimi, na kaburi lake liko juu yake, upande wa zizi la zamani. Nilipoondoka lilibaki pori. Baadaye, watu walipochoka kuzika, wazee wa pande zote mbili walikaa, na jambo gumu lilikuwa maji: ng'ombe wa ng'ambo watafikaje lamboni bila kupita katika mashamba ya watu waliofiwa? Kaka yangu ndiye aliyesema, "Shamba la Chacha liko wazi, mwenyewe hayupo. Wapite hapo." Hakuna aliyeandika. Wakapita. Wanapita hadi leo, asubuhi hawa na alasiri wale, na ng'ombe wa Mwita wamo.

Habari hiyo iliponifikia niliumia. Nilisema hata waliobaki wamenifuta. Ilinichukua muda kuona kwamba sikuwahi kulima kitu katika shamba lile chenye faida kama hiyo njia.

Mtu wa rika langu harudi kwao kama mgeni, Boke. Unalijua hilo, au utalijua. Hawezi kukaa katika chumba cha tatu cha nyumba ya serikali huku kiwanja cha baba yake kiko wazi. Itakuwa aibu kwa wana wa kaka, nao hawatakubali. Akirudi anajenga, na akijenga anafunga. Mimi nikisema sitaki, watajenga kwa heshima yangu. Nikisema ng'ombe wapite, watasema mzee ameogopeshwa, na kijana mmoja ataweka miba kwenye njia ili kunitetea. Mwita naye ana wana wenye umri wa Ryoba. Nao wanacheka vile vile kwenye simu.

Na Mgeni je? Nimesoma jambo moja ambalo lilinifanya niache chai ipoe. Kuna ugonjwa wa ngozi wa vyura, aina ya ukungu, unaosafiri na vyura na maji yanayouzwa kutoka nchi hadi nchi. Vyura wa aina ya Mgeni wanaweza kuubeba na wasiugue hata siku moja. Wanaishi nao, wananenepa. Lakini akitiwa katika maji ambamo wengine hawajauzoea, wanakufa wao. Mgeni amekaa miaka mingi katika maji yaliyopitiwa na beta wa Mwanza na vyura wa mbali. Huenda hana kitu. Huenda anacho. Kwa kumtazama hatuwezi kujua, na yeye mwenyewe hajui. Ukimpeleka lamboni atafurahi, naamini hivyo, ataogelea kama aliye ndotoni. Kwa hiyo usimpeleke, na maji ya ndoo ya Sajenti usiyamwage lamboni. Wewe ni afisa mifugo, hili ungelijua bila mimi kama asingekuwa Mgeni.

Sikuambii haya ili ujifunze kuogopa watu wa kule. Wapende, ni wako. Cheka na Ryoba, mle ugali wa mtama na kaka yangu, mwache akulishe mpaka ushindwe kusimama. Watakapokupeleka shambani na kusema "hapa ni pako," na watasema siku ya kwanza, wajibu kwamba baba yako amesema ni pa ng'ombe. Sema hivyo mbele ya watu wa pande zote mbili, usiseme jikoni tu. Ukisema wewe, binti yangu, mwenye kazi ya ng'ombe wa wote, itasikika kuliko ningesema mimi. Kisha nenda kaburini kwa babu yako. Njia inapita kando yake, na naambiwa ng'ombe hulikwepa wenyewe.

Halafu uvuke bonde umtafute Mwita. Magoti yamemshinda, haji tena mnadani. Mwamkie. Mwonyeshe Sajenti huyu wa sasa, mwambie ni wa tano na bado ana cheo. Atakuuliza kama Mgeni bado anakula. Mwambie anakula. Atakuuliza kama nakuja. Usimjibu kwa haraka, mpe kiti akae kwanza, halafu umwambie sababu. Yeye hatahitaji kuelezwa mara mbili.

Jumatano nilisema nitafikiri, si kwa kutojua jibu. Nilisema hivyo kwa sababu kwa muda ule mfupi, mkono wako ukiwa ndani ya maji, nilijiona nikiteremka ule ukanda mwekundu, asubuhi, na ubaridi ule wa Itiryo unaokaa puani. Nilitaka nibaki na picha hiyo kidogo. Nimebaki nayo siku nne sasa, inatosha.

Mama yako amesimama nyuma yangu. "Bado unaandika? Mtoto anakwenda Tarime, si mwezini." Amesoma mistari miwili juu ya bega langu, ameweka mkono kwenye kichwa changu na kurudi kufunga blanketi. Nakusikia unafungua geti. Nitaiweka karatasi hii chini ya ndoo ya Sajenti, mahali ambapo lazima uinue ili uondoke.

Mimi na Mgeni tunabaki Robanda. Itiryo sitarudi.

Tata